Kutoka Kisumu Hadi Kwenye Theluji: Mwongozo Kamili wa Kujiandaa kwa Likizo ya Ubao wa Theluji

Wavuvi wa Dunga, ufukoni mwa Kisumu, wanajua jambo ambalo wengine hatulijui mpaka tutetemeke: baridi ya ziwani haimshindi mtu mkavu. Mvuvi aliyekauka hukaa mtumbwini usiku kucha upepo ukimpiga, lakini aliyelowa huanza kugongana meno kabla hajavuta wavu wa pili. Ukilishika hilo, umeshika nusu ya maandalizi ya safari ya theluji. Karibu kila ninalokueleza hapa, kuanzia jaketi na soksi hadi mpangilio wa begi, linarudi pale pale: kaa mkavu.

Naandika kwa sababu tangu niliporudi kutoka Lesotho, watu wa nyumbani huniuliza maswali yale yale. Unapitia wapi? Unavaa nini? Na je, mtu wa huku kwetu anaweza? Anaweza. Philip Boit alizaliwa Eldoret, alikuwa mkimbiaji wa mita 800, na alianza kujifunza kuteleza kwenye theluji mwaka 1996 alipopelekwa Ufini. Miaka miwili tu baadaye alikuwa Nagano, Japani, kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 1998, mbio za kilomita 10. Alifika wa mwisho, na bingwa wa siku hiyo, Bjørn Dæhlie wa Norwe, alikuwa bado anamsubiri pale kwenye mstari amkumbatie. Mwaka 2018 Sabrina Simader, mzaliwa wa Kenya aliyekulia Austria, aliiwakilisha nchi huko Pyeongchang katika kuteleza kwenye miteremko ya milima. Wote wawili walitumia ski, zile mbao mbili nyembamba, moja kwa kila mguu. Sisi hapa tunazungumzia ubao mmoja mpana, unaosimama juu yake kwa ubavu na kufungwa miguu yote miwili. Wengi huuita snoubodi.

Chagua mahali na tarehe

Kwa mtu anayeanzia Kisumu, Kakamega au Nakuru, safari ya kwanza iwe Lesotho. Kuna kituo kinachoitwa Afriski, kwenye milima ya Maluti, zaidi ya mita 3,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa kusini mwa Afrika baridi huingia Juni na kutoka Agosti, msimu wake unagusa likizo ya shule ya Agosti, jambo linalowafaa walimu na wazazi. Mteremko mkubwa una urefu wa kilomita moja hivi. Usiogope ukisikia kwamba mwaka huu theluji ya mbinguni ni chache, kwa sababu kituo kinatengeneza yake: mashine hupuliza matone madogo ya maji kwenye hewa ya usiku iliyo chini ya sifuri, nayo huganda kabla ya kufika chini.

Milima ya Alps huko Ulaya ni mikubwa zaidi na msimu wake ni Desemba hadi Aprili, lakini hapo unaingia kwenye visa ya Schengen, nauli ndefu na gharama za kila siku ambazo sioni sababu ya mwanafunzi wa ubao kuzibeba. Jifunze kwanza karibu.

Panga siku nne au tano za kuteleza, na kama unaweza, ziwe katikati ya wiki ambapo foleni ya lifti, ile mashine ya kukuvuta kurudi juu ya mteremko, ni fupi. Siku ya kwanza ni ya kuanguka, ya pili misuli inauma, na ya tatu mwili unaanza kuelewa. Anayekwenda kwa siku mbili hurudi na maumivu peke yake, bila ile siku ya tatu, na mimi nadhani ile siku ya tatu ndiyo safari yenyewe.

Makaratasi: anza miezi mitatu kabla

Pasipoti iwe na miezi sita mbele na kurasa tupu kadhaa. Utagongwa mihuri Johannesburg ukiingia, mpakani ukitoka, mpakani tena ukirudi, na Johannesburg ukiondoka, na hiyo ni mbali na mihuri ya Lesotho yenyewe. Tangu Januari 2023 Mkenya mwenye pasipoti ya kawaida anaingia Afrika Kusini bila visa, hadi siku 90 kwa mwaka. Masharti ya kuingia Lesotho yathibitishe kwa ubalozi kabla hujalipia tiketi, na upate jibu kwa maandishi ili uwe na cha kuonyesha mpakani.

Jambo linalowakwamisha wengi kwenye kaunta ya uwanja wa ndege ni kadi ya manjano. Afrika Kusini inadai cheti cha chanjo ya homa ya manjano kwa msafiri anayetoka Kenya, na chanjo lazima iwe imedungwa siku 10 au zaidi kabla ya kuwasili. Ukishachanjwa, cheti hicho sasa kinatambuliwa maisha yako yote, kwa hiyo kama ulisafiri zamani, kitafute kwenye kabati kabla ya kwenda kudungwa tena.

Ukisafiri na mtoto, beba cheti chake cha kuzaliwa na barua ya idhini ya mzazi asiyesafiri. Bima ya safari ni ya lazima kwa maoni yangu, na kabla ya kulipa uliza swali moja tu: je, inalipia ajali ya michezo ya theluji, pamoja na kushushwa mlimani? Bima nyingi za kawaida huitoa michezo hiyo nje kwa maandishi madogo. Wakisema ndiyo, waambie wakuonyeshe hayo maneno yalipo.

Kabla ya nguo, afya

Hapa ninaomba usome polepole, hasa kama una asili ya kanda ya ziwa. Selimundu (sickle cell) iko katika familia nyingi za kwetu, na baridi, upungufu wa maji mwilini na hewa nyembamba ya juu ni mambo matatu yanayoweza kumletea mwenye selimundu maumivu makali. Hata anayebeba kinasaba kimoja tu na hajawahi kuugua anaweza kupata shida ya wengu akiwa juu sana. Kama hujui hali yako, pima. Kama unaijua, zungumza na daktari wako kabla ya kuweka nafasi.

La pili ni malaria. Vimelea huweza kukaa mwilini wiki moja, mbili au zaidi kabla homa haijaanza, kwa hiyo unaweza kuondoka Kisumu mzima na kuugua ukiwa mlimani. Lesotho haina malaria, na daktari wa huko akikuona na homa na mwili kuuma atafikiria mafua kwanza. Mwambie mara moja: "Natoka eneo la malaria, naomba nipimwe." Mwenye pumu naye abebe dawa yake ya kuvuta, na aiweke mfuko wa ndani, kwa sababu hewa kavu ya baridi hubana kifua.

Kuhusu kimo: Kisumu iko mita 1,131 hivi. Sehemu ya chini kabisa ya Lesotho nzima iko karibu mita 1,400, yaani bonde lao liko juu kuliko mji wetu. Mtu wa Iten, aliyezoea mita 2,400, atapata nafuu. Wewe wa ziwani lala usiku mmoja njiani, kunywa maji kuliko unavyohisi kiu, na acha pombe siku ya kwanza. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Kikizidi, ukitapika au ukianza kuyumba, suluhisho ni moja: shuka chini.

Mwili: wiki nane

Ubao wa theluji hukaa kwenye mapaja. Unateleza ukiwa umekunja magoti muda wote, na kila ukianguka unajiinua kwa mikono na tumbo. Wakimbiaji wetu wana mapafu mazuri lakini mara nyingi wanashangaa jinsi mapaja yanavyowaka. Mara tatu kwa wiki fanya hivi: egemeza mgongo ukutani, shuka kama umekalia kiti kisichokuwepo, na ukae hapo. Anza sekunde 30 na ukuze hadi dakika mbili. Ongeza kuchuchumaa na kuinuka, na kujilaza juu ya viwiko mwili ukiwa umenyooka kama ubao. Wikendi, panda kilima. Kisumu tuna Riat, Nakuru kuna Menengai. Kushuka kunafaa kuliko kupanda, kwa sababu misuli inayokuzuia usiporomoke kilimani ndiyo itakayokuzuia kwenye theluji.

Kisha tengeneza ubao wa mizani. Mwombe fundi seremala akukatie kipande cha mbao nzito ya upana wa futi moja na urefu wa mita moja kasoro kidogo. Nunua kipande cha paipu ya plastiki ya inchi nne, ile ya maji taka, kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Chini ya mbao, kwenye kila ncha, pigilia kipande kidogo cha mti ili paipu isichomoke ikifika mwisho. Hivyo vipande viwili usiviache, maana bila hivyo mbao hukimbia na wewe unakwenda chini na kichogo. Weka paipu juu ya mkeka, mbao juu ya paipu, simama karibu na ukuta ukiwa umetanua miguu kuliko mabega. Dakika 10 kila jioni. Wiki ya kwanza mkono wangu haukuachia ukuta. Wiki ya nne nilikuwa nasimama nikimenya njegere.

Katika wiki hizo jua pia mguu wako wa mbele. Vaa soksi, kimbia kidogo kwenye sakafu laini na uteleze. Mguu uliotangulia bila kufikiria ndio wa mbele. Ukifika kwenye duka la kukodisha wataliuliza hilo kwanza, na anayejibu kwa kubahatisha hupewa ubao uliofungwa kinyume na mwili wake.

Jifunze pia kuanguka, kwenye godoro. Viungo vinavyovunjika zaidi kwa wanafunzi wa ubao ni vifundo vya mikono, kwa sababu mtu akianguka hutanguliza viganja. Kunja ngumi. Ukianguka mbele, pokea kwa mikono yote ya mbele, kuanzia kiwiko hadi ngumi. Ukianguka nyuma, chuchumaa kwanza, kalia makalio, kisha jiviringishe mgongoni kidevu kikiwa kifuani. Rudia mpaka mwili ufanye wenyewe.

Nguo: soko la Kibuye kabla ya duka lolote

Jaketi jipya la theluji linauzwa ghali sana, na halina soko huku, ndiyo maana ukilipata dukani bei yake inatisha. Lakini mitumba inayoshuka kwetu hutoka nchi za baridi, na jaketi za theluji huja ndani ya mabeli pamoja na nguo nyingine. Wateja wake wakubwa ni vijana wa boda. Pita Timboroa, zaidi ya mita 2,700, saa kumi na moja alfajiri, utaona wameyavaa.

Nilikwenda Kibuye Jumapili mapema, kabla nguo nzuri hazijachaguliwa na kubaki fagia, yaani mabaki.

"Karibu kastama, hiyo ni kamera, beli nimefungua leo," mama muuzaji aliniambia. Kamera sokoni ni nguo ya daraja la kwanza, nami nilikuwa nimeshika jaketi la kijani.

"Mama, naomba kikombe cha maji kwanza."

Alinitazama, akanipa. Nikamwaga kidogo begani mwa jaketi. Hicho ndicho kipimo. Maji yakikusanyika kuwa vitone na kuviringika kama kwenye jani la nduma, kitambaa bado kinakataa maji. Yakinywewa na pale pakawa peusi, dawa ya juu imekwisha, ingawa unaweza kuirudishia kwa dawa ya kupuliza. Yangu yaliviringika. Tukaanza shilingi 1,500, tukamalizana 900.

Baada ya maji, geuza jaketi ndani nje. Mishono yote iwe imefunikwa kwa utepe mwembamba uliogandishwa, kwa sababu kila tundu la sindano ni mlango wa maji. Utepe ukiwa unabanduka kama ngozi iliyochubuka, rudisha. Weka mdomo kwenye kitambaa na upulize kwa nguvu: pumzi ikipita, upepo nao utapita. Angalia kiunoni ndani kama kuna mkanda mpana wa elastiki wenye vifungo, unaozuia theluji isiingie tumboni ukianguka. Soma lebo. Ikiandikwa 10,000 au zaidi, hicho ni kipimo kwa milimita cha urefu wa maji ambayo kitambaa kinaweza kubeba kabla ya kuvuja, na 10,000 inamtosha mwanafunzi. Zipu mbovu isikukatishe tamaa, fundi atabadilisha. Nyumbani, lifue kwa sabuni kidogo bila dawa ya kulainisha, kwa kuwa ile hufanya kitambaa kinywe maji.

Suruali ya theluji ni ngumu zaidi kupata na ni muhimu zaidi, maana mwanafunzi hushinda amekaa chini au amepiga magoti. Ukiikosa Kibuye, kodisha kule kule. Usiende na jinzi. Mimi nilikwenda na jinzi siku yangu ya kwanza, nikavaa na fulana ya pamba ndani kwa sababu ilikuwa nene na niliiamini. Kufikia saa tano asubuhi jinzi ilikuwa imelowa magotini na kuanza kukakamaa, na fulana ilikuwa imekunywa jasho langu lote. Nilirudi chumbani, nikaipoteza nusu siku niliyokuwa nimeilipia kwa akiba ya mwaka.

Pamba hushika maji na kuyakumbatia mwilini. Ndiyo sababu nguo inayogusa ngozi iwe ya poliesta au sufi laini, ya kubana, mikono mirefu na suruali ndefu. Jezi ya mazoezi inayobana inafaa kabisa. Juu yake vaa sweta jepesi lenye manyoya bandia, lile linalouzwa mitumba kila mahali, halafu jaketi. Tabaka tatu, ili uvue moja kabla jasho halijakutoka. Ukihisi joto, fungua zipu hapo hapo. Jasho ni maji pia.

Soksi ni jozi moja, ndefu hadi chini ya goti, ya sufi au sintetiki. Usivae mbili. Wa kwetu tukisikia baridi tunaongeza soksi, lakini soksi mbili hubana kiatu, damu haipiti vizuri, na vidole vinakufa ganzi haraka kuliko ukivaa moja. Glavu ziwe za kuzuia maji, na zile zisizotenganisha vidole huhifadhi joto zaidi. Beba jozi ya pili, kwa sababu ya kwanza italowa na haitakauka kabla ya mchana.

Kabla ya kusafiri, yajaribu mavazi yote. Mimi nilipanda matatu hadi Timboroa nikashuka kabla jua halijachomoza, nikavaa kila kitu, nikatembea saa nzima na kukaa kwenye nyasi zenye umande. Niligundua kwamba jaketi linapanda mgongoni nikiinama. Nilinunua suruali yenye kiuno cha juu, na kule mlimani sikujuta.

Cha kununua, cha kukodi

Usinunue ubao, vifungio wala viatu vyake. Kodi. Ukifika dukani kumbuka kwamba urefu wa ubao wa mwanafunzi, ukisimamishwa, uwe kati ya kidevu na pua yako, ingawa uzito wako una neno zaidi kuliko urefu wako, kwa hiyo sema kilo zako za kweli. Kwenye viatu chukua muda mrefu kuliko unavyoona aibu kuchukua. Ukisimama wima, vidole viguse mbele kidogo. Ukikunja magoti, virudi nyuma. Kisigino kisiinuke hata ukisimama kwa ncha za miguu. Kikiinuka, omba saizi nyingine, hata kama foleni imejaa nyuma yako.

Helmeti kodi, ila kwanza fikiria nywele. Rasta nene au fundo la nywele utosini litainua helmeti isikae, na isipokaa haikulindi. Suka mistari ya kulala, iende nyuma, imalizikie shingoni. Vilinda vifundo vya mikono nunua kabla, vile wanavyovaa watoto wa viatu vya magurudumu, vinavyoingia chini ya glavu. Miwani mikubwa ya theluji ukiipata mitumba angalia kioo hakijakwaruzwa, na kama unavaa miwani ya macho, hakikisha inaingia ndani yake.

Usidharau jua kwa sababu ya baridi. Miale inayounguza huongezeka takriban asilimia 10 kwa kila mita 1,000 unazopanda, na theluji mpya hurudisha juu hadi asilimia 80 yake, kwa hiyo unachomwa kutoka mbinguni na kutoka chini, hata puani na chini ya kidevu. Ngozi nyeusi nayo huungua, na macho yasiyofunikwa yanaweza kuwasha na kutoona vizuri kwa siku nzima. Losheni ya jua ya SPF 50, mafuta ya midomo yenye kinga ya jua, na jeli nzito ya kupaka jioni, kwa sababu hewa ile hupasua ngozi ya mikono mpaka kwenye viungo.

Kufunga begi

Mashirika mengi hukubali kilo 23 za kupakia, na hii haitakushinda ikiwa vifaa vikubwa unakodi. Jaketi la theluji lisiingie kwenye begi kubwa. Livae au libebe mkononi, pamoja na nguo za ndani jozi moja, glavu, dawa zako na hati zote. Begi likipotea, bado utaweza kuteleza kesho yake. Sweta na suruali viringisha, usikunje. Kila seti ya nguo za ndani iweke kwenye mfuko wake wa plastiki wa zipu, siku moja mfuko mmoja: asubuhi unatoa kavu, jioni unarudisha chafu mfuko wa jana, na unyevu hauvuki kwenda kwenye nguo nyingine. Jozi tatu zinatosha wiki kwa sababu sintetiki ukiifua jioni hukauka usiku.

Pawabenki ni ya begi la mkononi tu, hairuhusiwi kwenye mzigo unaopakiwa, na uwezo wake usizidi Wh 100 (saa za wati). Baridi hula chaji, kwa hiyo simu mlimani ikae mfuko wa ndani karibu na mwili. Adapta ya plagi usiisahau: soketi za Afrika Kusini na Lesotho zina matundu matatu makubwa ya mviringo, na plagi yetu ya pini bapa haiingii. Weka pia kamba nyembamba ya kuanikia, ndala, na magazeti ya zamani. Magazeti hayo yajaze ndani ya viatu vilivyolowa jioni, asubuhi utavikuta vimekauka.

Njiani

Kisumu hadi Nairobi ni chini ya saa moja kwa ndege au usiku mmoja kwa basi. Acha nafasi ya kutosha Nairobi, usipange basi la usiku na ndege ya alfajiri. Nairobi hadi Johannesburg ni saa nne hivi angani, na kule saa iko nyuma yetu kwa saa moja. Kutoka Johannesburg ni karibu saa tano barabarani: unapita Bethlehem, Fouriesburg, mpaka wa Caledonspoort, kisha Butha-Buthe, halafu unapanda mlima wa Moteng. Ukikodi gari, dai barua ya ruhusa ya kulivusha mpaka. Wanaendesha kushoto kama sisi, lakini Moteng ina kona kali na barafu kwenye kivuli, kwa hiyo panga upite mchana. Kama hujawahi kuendesha kwenye barafu, lipia usafiri wa pamoja na umwachie usukani anayeijua barabara.

Jaza mafuta na ununue chakula Butha-Buthe, kwa kuwa juu kila kitu ni ghali. Pesa ya Lesotho ni loti, wingi wake maloti, thamani sawa na randi, na randi inapokelewa kote nchini humo. Maloti uliyobaki nayo yatumie kabla ya kurudi mpakani. Utakutana na chakula cha nyumbani pia: papa na moroho ni ugali na mboga za majani. Kula sana asubuhi, na weka njugu karanga mfukoni.

Asubuhi ya kwanza

Lipia mwalimu. Akiba ifanye kwingine. Fika kabla lifti haijafunguliwa, vaa kiatu ukiwa umeketi ndani, si kwenye theluji, na usiingize suruali ya ndani kwenye kiatu pamoja na soksi, maana mkunjo mmoja utakuchubua mchana kutwa. Saa ya kwanza utafunga mguu wa mbele peke yake na kusukuma kwa mguu wa nyuma kwenye tambarare, kama mtoto anayesukuma skuta. Mguu huo huo wa nyuma unabaki huru ukivutwa na lifti. Ukingo wa visigino ndio utakaojifunza kwanza: unateleza umetazama bonde, ubao umekatiza mteremko, na unabonyeza visigino ili usimame. Tazama unakotaka kwenda. Ukitazama miguu, utaanguka pale pale unapotazama.

Maliza saa tisa alasiri, hata kama unahisi una nguvu. Majeraha mengi huja mtu akisema "mara moja tu ya mwisho" mapaja yakiwa yameshachoka. Rudi, anika glavu mbali na moto kidogo, toa nyayo za ndani za viatu, jaza magazeti.

Ukifika nyumbani, fua jaketi siku hiyo hiyo, lianike kivulini likiwa limefunguliwa zipu, lisikunjwe na unyevu wowote kwa sababu joto la Kisumu litaliotesha ukungu ndani ya wiki. Langu kwa sasa liko kwa mpwa wangu anayeendesha boda Burnt Forest. Tumekubaliana alirudishe mwishoni mwa Mei, nilimwagie tena kikombe cha maji begani.